Neno Chafu Kitabuni, Neno Chafu Kinywani



Katika Kwaresima moja, si zamani sana, kikundi cha vijana wa parokia yetu hapa Keshero kiliandaa jioni ya masimulizi. Kila aliyependa aliandika hadithi fupi juu ya Njia ya Msalaba kama inavyopitiwa na watu wetu siku hizi. Niliombwa kuzipitia hadithi hizo kabla hazijasomwa mbele ya watu, kwa kuwa mimi ni katekista na nimesomea ualimu, na watu hudhani kwamba mwenye kalamu nyekundu hakosei.

Binti mmoja aliandika juu ya mama aliyetembea na watoto watatu kutoka upande wa Masisi hadi Sake, na kutoka Sake hadi kwetu. Njiani walifika kwenye kizuizi, bariyeri kama tunavyosema, na mwenye bunduki akamtukana yule mama mbele ya watoto wake. Binti aliliandika tusi lenyewe, lote, kama lilivyotamkwa. Lilikuwa tusi la nguoni, na ndani yake lilitajwa pia kabila la mama. Nilichukua kalamu nikalifuta. Pembeni nikaandika kwamba neno kama hilo haliwezi kusomwa katika ukumbi wa parokia.

Binti alitii. Jioni ilipofika, yule mwenye bunduki katika hadithi yake alisema, "Mama, tafadhali, toa ulicho nacho." Ukumbi mzima ukacheka. Nani amewahi kuombwa kwa "tafadhali" kwenye bariyeri? Hadithi ya mateso ikageuka kichekesho, na kicheko hicho nilikitengeneza mimi. Baada ya sala ya mwisho binti alinijia, akasema kwa adabu na sauti ndogo, "Mwalimu, umemwosha kinywa mtu aliyemtukana mama yangu." Hadi dakika ile sikujua kwamba mama wa hadithi alikuwa mama yake mzazi.

Tangu jioni ile nimekuwa nikijiuliza upya swali ambalo wazazi na vijana huniletea kila mara: je, Mkristo anapokutana na matusi ndani ya hadithi, afanye nini? Afunge kitabu? Aruke ukurasa? Aendelee kusoma kana kwamba hakuona kitu? Ninaleta hapa maoni yangu, si sheria ya parokia, ili mkayajadili katika vikundi vyenu.

Wazazi huniletea simu ya mtoto wao huku mkono ukitetemeka kwa hasira. Wameona humo hadithi za Kiswahili, zile zinazotumwa sehemu kwa sehemu kutoka simu hadi simu, nyingi zikiwa zimeandikwa Tanzania, na ndani yake wameona neno ambalo hawangethubutu kulitamka mbele ya wakwe. Wanataka katekista alaani kitabu, simu na mwandishi kwa pamoja. Vijana nao hujitetea kwa jibu moja: "Lakini, Mwalimu, ndivyo watu wanavyosema." Na ni kweli. Simama dakika tano tu kwenye barabara ya kwenda Sake, pale chukudu iliyosheheni mkaa inapogombea njia na pikipiki, nawe utasikia msamiati usiopatikana katika kamusi yoyote. Mzazi ana nusu ya ukweli, na kijana ana nusu nyingine. Ugumu ni kuziunganisha.

Kwanza tutenganishe mambo, maana Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko lugha ya shuleni. Mfaransa husema "jurer" kwa anayekula kiapo mahakamani na kwa anayetoa maneno machafu baada ya kujikwaa. Sisi tuna maneno mbalimbali. Kuna kuapa, yaani kumwita Mungu awe shahidi. Kuna kulaani, yaani kumtakia mtu mabaya. Kuna kukufuru, yaani kumdharau Mungu mwenyewe au vitu vyake vitakatifu. Kuna kutukana, yaani kumvunjia mtu heshima. Na kuna maneno ya aibu tu, yasiyomlenga mtu yeyote, yanayomtoka mtu nyundo ikimwangukia kidole.

Haya hayana uzito sawa. Kukufuru na kuapa bure huligusa Jina la Mungu, linalolindwa na amri ya pili. Tusi kwa jirani, Bwana wetu aliliweka mahali ambapo wengi hatupatazamii: katika Mathayo 5:21-22 analitaja papo hapo anapofundisha juu ya amri ya "Usiue". Kwa Yesu, anayemdharau ndugu yake kwa neno amekwisha kuanza safari ambayo mwisho wake ni damu. Lakini neno la aibu lililomtoka fundi aliyeumia kidole ni kosa la adabu, nalo hurekebishwa kwa adabu. Mara nyingi sisi hupindua mpango huu. Tunashtushwa sana na neno linalotaja sehemu za mwili, na hatushtuki kabisa kusikia jina la Mungu likitumika kuapia deni ambalo mtu hana nia ya kulilipa.

Sasa tutazame jinsi Maandiko Matakatifu yenyewe yanavyosimulia matusi, kwa maana hakuna kitabu tunachokiheshimu kuliko hicho. Katika 2 Samweli 16:5-8, Shimei anamrushia mfalme Daudi mawe na matusi, na mwandishi anatuandikia aliyoyasema: anamwita mwuaji, mtu asiyefaa. Tusi limeandikwa wazi, kwa sababu bila kulisikia hatutaelewa ukubwa wa subira ya Daudi, aliyemzuia mtu wake asimkate Shimei kichwa. Lakini katika kitabu cha Ayubu, mke wake anapomshauri amlaani Mungu afe (2:9), maandishi ya Kiebrania yametumia neno "kubariki" mahali pa "kulaani". Mkono wa mwandishi wa kale uliogopa kuliweka neno hilo karibu na Jina la Mungu, akaacha msomaji aelewe mwenyewe. Na katika Marko 14:71, Petro, mwamba wa Kanisa, anaanza kulaani na kuapa kwamba hamjui Yesu. Mwinjili hakuficha aibu hiyo. Wala hakutuandikia ni maneno gani ya laana aliyoyatumia Petro. Tunajua kwamba alilaani. Laana yenyewe imebaki katika ua wa kuhani mkuu.

Mnaona, vijana? Maandiko yanatumia njia tatu kwa jambo moja: mahali pengine neno linaandikwa lote, mahali pengine linafunikwa, mahali pengine tendo linatajwa na neno linaachwa. Lakini hakuna hata mahali pamoja ambapo Maandiko yanadanganya kwa kumfanya mkosaji aseme maneno matamu. Hapo ndipo kalamu yangu nyekundu ilipokosea. Ningeweza kulifunika tusi; badala yake nililigeuza kuwa adabu, na hivyo nikamfanya mtesaji aonekane mstaarabu.

Tena, kumbukeni Jumapili ya Matawi na Ijumaa Kuu. Mateso ya Bwana yanaposomwa, sisi waamini tunapewa nafasi ya makutano, nasi tunapaza sauti tukitaka asulibiwe. Maneno hayo ni mabaya kuliko tusi lolote la barabarani, maana yanadai kifo cha asiye na hatia. Hata hivyo, hakuna anayetoka kanisani akidai kwamba Kanisa limemfundisha kuua. Tunayatamka ili tujitambue ndani ya umati ule. Basi, neno baya likisemwa ndani ya simulizi linaweza kuwa kioo. Swali ni kama msomaji anajitazama humo au anafurahia tu mng'ao wake.

Katika fasihi ya Kiswahili tuna mfano unaojulikana. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa cha Ukerewe aliyepata kusoma katika seminari, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Jina hilo, kama mnavyojua, linatoka katika Litania ya Bikira Maria. Ndani yake kuna msichana, Rosa, ambaye baba yake Zakaria ni mlevi. Baba anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, kisha anapofika mahali asipolindwa na mtu anaanguka katika maisha ya uasherati, na mwisho wake ni wa kuhuzunisha mno. Riwaya ilisema mambo hayo bila kuyazungusha, na ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Baadaye marufuku iliondolewa, na kitabu kilichoogopwa kikaja kusomwa na wanafunzi wa sekondari.

Sisemi kwamba walioshtuka walikuwa wajinga. Mzazi anayeogopa kitabu kisimharibu binti yake anatimiza wajibu wake. Lakini nikikifikiria kisa hicho, naona kwamba wengi waliuliza, "Je, kitabu hiki kitawaharibu wasichana?" na wachache waliuliza, "Nani alimharibu Rosa?" Jibu la swali la pili linakaa nyumbani, mezani, pamoja na chupa ya baba. Ni rahisi zaidi kukiondoa kitabu shuleni kuliko kukiondoa kiboko mkononi mwa Zakaria. Hasira yetu juu ya maneno ya kitabu inaweza kuwa ya haki. Inaweza pia kuwa njia ya kutotazama kile ambacho kitabu kinatuonyesha.

Kanisa lenyewe limepita katika swali hili. Kwa karne nne lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa, na mwaka 1966, chini ya Papa Paulo VI, orodha hiyo iliacha kuwa sheria yenye adhabu. Wajibu wa dhamiri ulibaki, mkononi mwa kila msomaji. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umetoa hati juu ya vyombo vya mawasiliano, Inter Mirifica. Katika namba ya 7 inafundisha kwamba kusimulia au kuonyesha uovu kunaweza kutusaidia kumjua mwanadamu kwa undani na kuutambua uzuri wa wema. Lakini inadai kiasi, ili roho za watu zisijeruhiwe, hasa katika mambo yanayostahili heshima au yanayoamsha tamaa mbaya. Kwa hiyo Mkatoliki hana ruhusa ya kusema "kila kitu ni sawa, ni hadithi tu". Wala hana ruhusa ya kusema "neno baya limeonekana, kwa hiyo kitabu ni cha shetani".

Lakini kuna jambo zito zaidi linalonisukuma kuandika, nanyi mliozaliwa hapa mtalielewa upesi.

Mwaka 1993, ng'ambo ya mpaka wetu, mjini Kigali, ilianza redio iitwayo RTLM. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 redio hiyo iliwaita Watutsi mende. Fikirini neno hilo. Mende ni mdudu wa jikoni. Liko katika vitabu vya watoto wa shule ya msingi, na hakuna mzazi angelifuta kwa kalamu, wala katekista angekataa lisomwe ukumbini. Halina uchafu wowote. Lakini lilipotupwa juu ya binadamu, lilimfundisha jirani kwamba kumwua jirani ni kufagia nyumba. Nilikuwa kijana mwezi Julai wa mwaka ule, mamia ya maelfu ya watu walipovuka mpaka na kuujaza mji wetu wa Goma, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu juu ya mawe haya ya volkano tunayoyakanyaga kila siku. Hapo ndipo nilipopaswa kujifunza kwamba neno linaweza kuwa safi masikioni na kuua.

Na leo? Sikilizeni kwenye kisima, sokoni, katika magari ya abiria, hata nje ya mlango wa kanisa baada ya Misa. Kila kabila la jimbo letu lina jina la dharau lililotungwa na makabila mengine. Majina hayo hayamshtui mtu. Baba atakayempiga mwanawe kofi kwa neno la aibu alilolisoma katika hadithi, ndiye huyo huyo atakayelitamka jina la dharau la jirani yake mezani, akicheka, na mtoto akisikiliza. Kati ya maneno hayo mawili, lipi liko karibu zaidi na amri ya tano?

Uovu unaweza pia kuja na lugha laini. Mji wetu una shahidi wake, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, aliyeuawa Julai 2007 kwa sababu alikataa rushwa ya kuruhusu vyakula vilivyoharibika viingie kwa walaji. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Rushwa kwa kawaida haiji na matusi. Huja na salamu, na "ndugu yangu", na "tusaidiane". Kama tungepima maneno kwa usafi wa sauti tu, mtoa rushwa angepita mbele yetu sote kama mtu mwenye adabu. Floribert alipima kilichomo ndani ya neno.

Basi, mnaposoma hadithi na kukutana na neno chafu, ninawashauri mjiulize maswali matatu. Nani analisema? Mwandishi akiliweka kinywani mwa mkatili ili tuujue ukatili, huo ni ushuhuda. Mwandishi akiwarushia wahusika wote maneno hayo kama pilipili, kila ukurasa, bila sababu, huyo hajui kupika, anaficha chakula kibovu. La pili: neno linamwangukia nani, na je, hadithi inanifanya nisimame upande wa aliyeumizwa, au inanialika nicheke pamoja na anayeumiza? La tatu, ambalo ni gumu: baada ya kusoma, kinywa changu kimekuwaje? Yakobo anaufananisha ulimi na moto mdogo unaounguza msitu mkubwa. Kuna anayeweza kusoma tusi na kulihurumia linalomkuta, na kuna ambaye kesho yake atalijaribu kwa mdogo wake. Kila mmoja ajifahamu. Anayejijua kuwa ni dhaifu akifunga kitabu asionekane mshamba. Ametenda kwa busara.

Na kwa watoto wadogo, ninabaki na wazazi. Mtoto wa miaka kumi bado hajui kutenganisha kioo na dirisha. Si kila hadithi ya kweli ni ya kila umri, kama vile si kila dawa ya kweli ni ya kila mgonjwa.

Nimalizie kwa binti yule. Baada ya Pasaka alinijia na hadithi yake ikiwa imeandikwa upya. Hakuwa amelirudisha tusi nililolifuta, wala hakuiacha ile "tafadhali" ya uongo. Alikuwa ameandika kwamba mwenye bunduki alimtukana mama yake tusi ambalo yeye hataliandika kamwe, kwa sababu mama bado yu hai na anajua kusoma. Kisha akaeleza jinsi kaka yake mdogo alivyoziba masikio kwa mikono miwili, na jinsi mama alivyoendelea kutembea bila kugeuka nyuma. Hadithi hiyo ilisomwa katika ukumbi ule ule. Safari hii hakuna aliyecheka.

Sikumfundisha mimi. Sijui kama alikuwa ameisoma Marko 14:71 kwa makini. Alichokuwa nacho ni mapendo kwa mama yake na uaminifu kwa yaliyotukia, na viwili hivyo vilimwongoza kwenye neno linalofaa. Mimi, mwenye kalamu nyekundu, nilimwomba radhi, naye akapokea.

Kwa majadiliano katika vikundi:

1. Ni neno gani la dharau juu ya kabila au watu fulani ambalo katika nyumba zetu tumelizoea hata hatulisikii tena? Nani ataanza kulikataa?

2. Soma Marko 14:66-72. Kwa nini, kwa maoni yako, mwinjili ametuambia kwamba Petro alilaani, bila kutuandikia maneno yenyewe?

3. Je, kuna hadithi iliyokuwa na maneno machafu lakini ikakufanya umhurumie zaidi mwenzako? Kuna nyingine iliyokuwa na maneno safi lakini ikakufundisha dharau?

Ee Bwana, weka mlinzi katika vinywa vyetu, na utupe macho ya kuutambua uovu hata unapozungumza kwa upole. Amina.